Chai ya Mama Nafula

Kitale, Alhamisi, Julai 1992

Afadhali angenitukana.

Leo tumefunga kisima cha Mama Nafula, kile kilicho mteremkoni, chini ya jaa la zamani la taka. Jaa lenyewe tulilifukia mwaka jana, nyasi zikaota, watu wakasahau. Kazi yangu imebaki kuchota maji ya visima vya karibu kila mwezi na kuyapeleka maabara. Majibu ya kwanza yamekuja wiki hii. Maji yana sumu, na ya kisima chake yamezidi. Hata kuchemsha hakusaidii.

Nilimweleza polepole. Hakulia. Aliniuliza tu:

"Daktari, si wewe mwenyewe ulikuwa unakunywa?"

Nilikuwa nakunywa. Kila nikienda kupima alinipikia chai, na huku kwetu hutoki kwa mtu bila kuonja kitu. Mwanzoni nilimwambia asiyatumie maji yale mpaka majibu yaje. Halafu akaleta kikombe, nikaona haya kukataa. Nikanywa. Na mwezi uliofuata pia.

"Hata majirani niliwaambia," akasema. "Kama daktari wa maji anakunywa, sisi tunaogopa nini? Wakaacha kwenda mtoni."

Watoto wa majirani hao nawajua kwa majina.

Wafanyakazi walipomaliza kupigilia mbao juu ya kisima, alinisindikiza mpaka barabarani kama kawaida yake. Akanishika mkono.

"Utanisamehe, daktari. Leo sina maji ya kukupikia chai."