Andiko Namba 7

Jumatatu, 3 Juni 2024
Nimefunika majina ya waandishi kwa karatasi na gundi. Maandiko kumi na moja ya mkutano wa sayansi wa chuo chetu, hapa Baraka. Mwaka jana wakubwa walichaguana wenyewe! Mwaka huu kila andiko lina wasomaji wawili: mwalimu mmoja, na mtu anayefanya kazi yenyewe. Nani asome lipi, tumeokota kura kwenye beseni. Orodha ya majina ninayo mimi tu, sekretari.

Alhamisi, 6 Juni
Namba 7, kukausha ndagala, dagaa wa ziwa letu. Msomaji mwalimu, kutoka mji wa Fizi: 16 juu ya 20. Mama Arlette, anayekausha ndagala tangu utoto: 5! Ameandika: "Huyu muntu hajageuza hata samaki mumoja. Aulize bamama."
Nilicheka. Kisha nikatazama orodha – mwandishi ni mwalimu wetu Eugène, mume wake! Alimficha mkewe kwamba anaandika, ili amfurahishe siku ya mkutano. Nami nilisahau kukagua nani ni ndugu wa nani. Kosa langu.
Marehemu mume wangu Isidore aliimba kwaya kwa sauti ya mbuzi. Mimi ningempa 20.

Ijumaa, 7 Juni
Eugène amepokea maoni, bila jina la msomaji. Ana ruhusa ya kujibu na kurekebisha. Amenuna: huyo msomaji mjinga ametoka wapi? Mimi nimekazana kubana karatasi na stapler.

Jumatatu, 10 Juni
Arlette kapita bureau, ofisini kwangu, anacheka.
"Mama Ketsia, bwana yangu iko na ugonjwa gani? Tangu juzi anageuza samaki na miye. Anauliza, anaandika! Mi namwambia, baba, utanuka mbele ya banafunzi."

Jumatano, 12 Juni
Eugène ameleta kurasa nne mpya. Nzuri kweli. Arlette amezisoma, bila jina, ametoa 17, na neno chini: "Sasa huyu amesikiliza."

Alhamisi, 13 Juni
Niko kwenye kikao cha kuchagua maandiko, naandika chini ya meza. Imebaki nafasi moja, na kati ya yaliyobaki namba 7 ndiyo inaongoza. Profesa Jacques, mwenyekiti, anauliza: kuna msomaji aliye ndugu wa mwandishi? Arlette anajipepea kwa karatasi, ametulia kabisa, hana habari.
Nikisema, 17 yake inafutwa, na Eugène huenda akatoka. Nikinyamaza, tumerudia ya mwaka jana. Lakini ile 5 nayo ilikuwa ya mke!
Profesa anauliza mara ya pili. Nimenyoosha mkono wa kushoto. Wa kulia bado unaandika –