Neema, Uliyekalia Mikono Yako

Neema mwanangu,

Tangu uhamishiwe Kalehe, kiti chako bado kiko kando ya changu hapa mapokezi ya zahanati, na ole wake atakayekitoa.

Unakumbuka walipotuletea ile programu ya kompyuta ya fishi, zile kadi za wagonjwa? Daktari alisema wazi: atakayeshindwa kuitumia ataondoka mapokezi. Mimi! Miaka ishirini na mbili napokea watu wa Kadutu kwa kalamu na daftari! Niliitukana mashine kwa Kifaransa, nikamalizia kwa Mashi. Wewe ulicheka, ukanisogezea kipanya cha kompyuta, ukavuta kiti, ukakalia mikono yako yote miwili.

"Maman, kamata souris. Miye sitagusa kitu."

Na kweli hukugusa. Nilipotea, nikakuomba, nikakasirika, nikakuita mchoyo. Ulibaki umekalia mikono, unauliza tu: "Sasa unaona nini hapo, Maman?"

Halafu lile kosa langu. Wanawake wote niliwaandika kama tunavyowaita mtaani: Mama Chantal, Mama Bahati. Nani huku anamwita mzazi kwa jina lake? Asubuhi moja dereva wa pikipiki akaleta mwanamke aliyemwokota njiani, homa kali, hasemi. Daktari ameagiza penisilini, muuguzi ameshika sindano. Nikaandika jina la kwenye kitambulisho. Hakuna fishi. Nikaandika tena, hakuna.

Ulisimama nyuma yangu, mikono mgongoni. "Maman, acha kioo. Muangalie yeye. Wewe mtaani unamuitaka nani?"

Nikainua macho. Yesu! Mama Chantal! Nikaandika, fishi ikatoka, na maneno mekundu: asipewe penisilini. Nilipiga kelele hadi muuguzi akaangusha sindano.

Ungeweza kuniaibisha. Badala yake ulimwambia daktari kwamba kila fishi inahitaji nafasi ya jina la mtaani, na ikawekwa. Kisha tukakaa siku nyingi kusahihisha majina, mimi nikiandika, wewe ukisoma. Nilibaki mapokezi kwa sababu yako, na sikuwahi kukuambia asante. Nakuambia leo.

Jana wameniletea mwenzangu mpya, Papa Deo, mtu mzima kama mimi. Mbele ya kioo anatafuta herufi kwa kidole kimoja. Vidole vyangu viliniwasha, Neema! Kubonyeza mara moja tu, yaishe. Nikavuta kiti chako, nikakalia mikono yangu.

"Papa, unaona nini hapo?"

Akaniita mchoyo. Kumbe ilikuwa kazi ngumu hivi, nami nilidhani umekaa tu.

Ubaki salama huko, mwanangu.

Mimi mama yako wa mapokezi, mikono imekufa ganzi