Bomba Lililong'aa

Odate, 20 Desemba

Mwanangu Kiyoharu,

Hujambo? Mimi mzima, ila magoti yananisumbua na theluji hii. Mwaka unakwisha, nimetoa mikeka yote nje, nimefuta mpaka juu ya kabati. Nyumba nzima inang'aa. Na wewe usivuke mwaka na uchafu, huko maabara nako. Maana nakujua, mchafu wa kutupwa!

Mama yako, Fusae

Tsukuba, 4 Januari

Mama, shikamoo. Heri ya mwaka mpya. Keki za mchele zimefika, asante.

Nimekutii. Nimesafisha kila kitu, hata bomba la kioo la tanuri, jeusi kwa masizi ya miaka. Nimeyachoma masizi yote, likang'aa kama bilauri. Humo ndimo ninamooteshea nyuzi za kaboni, kwa gesi ya moto, juu ya bamba la chuma, nyembamba mno kuliko unywele, zinasimama wima kama msitu na kumeza miale ya joto isiyoonekana. Mwisho wa Machi bamba linakwenda kufungwa kwenye setilaiti ya kupima joto la bahari. Likikubaliwa, maabara wananipa ajira ya kudumu. Lisipokubaliwa, mkataba umekwisha.

Mwanao, Kiyoharu

Tsukuba, 9 Februari

Mama, shikamoo. Afya yangu usiulize.

Msitu hauoti. Nyuzi zinatoka fupi, zimelala, na miale inarudi badala ya kumezwa. Nimepandisha joto, nimeshusha. Nimeongeza gesi, nimeongeza mvuke. Wapi! Kila bamba linatoka kijivu badala ya jeusi tii. Profesa Inukai, mkuu wetu wa maabara, anapita tu akivuta hewa kwa meno. Nimechanganyikiwa, mama.

Mwanao

Odate, 14 Februari

Marahaba mwanangu. Unakula kweli? Mambo ya miale siyajui, lakini baba yako alipofukuzwa mgodini hatukufa. Nakutumia figili za chumvi.

Mama

Tsukuba, 11 Machi

Mama, shikamoo. U hali gani?

Nimejua. Ni bomba. Yale masizi ndiyo yaliyokuwa yakishika unyevu na kuiandaa gesi kabla haijafika kwenye bamba. Nimeyaondoa, nimeua msitu wangu kwa mikono yangu. Kuyarudisha ni miezi ya kuchoma gesi humo mpaka yagande upya, nami muda sina. Nilipomweleza Profesa aliinamisha kichwa kama yuko msibani. Bamba litatoka kwa wengine.

Usinitarajie. Sina uso wa kuja nao nyumbani. Nisamehe.

Kiyoharu

Odate, 19 Aprili

Kiyoharu, mwanangu, u mzima?

Barua mbili hujajibu. Simu haipatikani. Nimepiga maabara, wanasema ulikabidhi funguo, ukainama, ukaondoka. Mtu wa posta akipita moyo unanilipuka. Mimi ndiye niliyekuambia usafishe; lawama nibebeshe mimi, mradi uwe hai.

Tena Desemba ile nilikudanganya. Chumba chako sikukigusa, wala sijawahi kukigusa tangu uondoke. Vumbi lako lipo, magazeti yako yapo, hata soksi moja iko palepale ulipoivulia. Ningefagia, ningebaki na nini?

Njoo hivyo hivyo ulivyo. Naandika anwani ile ile, nyingine siijui.

Mama