Buti za Meja Gaudensi

Jumatatu, 6 Juni 1994
Bastola ya Meja Gaudensi haipo. Kasema Kapteni aliyetumwa na kikosi, akiwa amepiga magoti mbele ya sanduku la bati la marehemu. Nilikuwa kwangu nakunywa chai na kusikiliza taarifa ya habari wakati mjumbe wa nyumba kumi aliponiita. Kazi ya leo, kukusanya mali ya jeshi, ilitaka mashahidi wawili wasio ndugu. Mmoja ni huyo mjumbe. Wa pili ni mimi, jirani, dirisha langu na la Meja yanatazamana.

Vilivyopatikana: kombati, sare ya sherehe, mkanda, kofia, vyeo vya mabegani, jozi moja ya buti. Pia kichwa cha mkuki wa kale, kimeviringishwa kitambaa cha kaki na kufungwa uzi. Kapteni alikifungua, akakitazama, akasema si mali ya jeshi, akakirudisha. Vifungo vya sare alivikagua kimoja kimoja. Anasema siku hizi kombati zinaonekana kwenye mitumba ya Bombambili, na wanunuzi si watu wema.

Meja alikuwa anahamia kikosi kingine. Alipewa silaha kihalali, akapita nyumbani kusalimia, malaria ikammaliza. Tulimzika mwezi uliopita. Gari la wenzake liliharibikia Madaba, wakafika udongo umeshafukiwa. Hakuna aliyeuliza habari za silaha siku ile.

Kapteni hachukui nusu. Ama vyote, ama asubiri. Amerudisha kila kitu, amezipanga buti kando ya sanduku, ncha zikitazama ukuta. Kafunga mlango wa chumba, kapiga lakiri, muhuri wa nta, kaondoka na ufunguo. Mjane, Mama Osmunda, amepewa wiki moja. Bastola isipopatikana atakwenda kuhojiwa. Na chumba kisipofunguliwa, nguo za marehemu hazigawiwi, tanga haliondolewi. Atabaki kukaa pale sakafuni.

Hakulia. Alisema, "Afande, silaha yake sijaigusa tangu anioe. Hata mkanda alikuwa anauvua mwenyewe."

Jumanne, 7 Juni
Ukungu hadi saa tatu. Nilipoanika shati nilitazama dirishani kwa Meja.

Buti zimegeuka. Ncha zinatazama kitanda.

Nilikwenda kukagua. Lakiri nzima. Nondo za dirisha nzima, kioo hakina ufa. Panya anaweza kusukuma buti moja. Hawezi kugeuza jozi ikabaki sambamba. Nilimuuliza mjumbe jana ziliachwaje. Akasema zilitazama ukuta. Mjane sijamwambia.

Mchana nilipiga simu Dar kutoka posta. Gazeti letu ni jipya, la mtu binafsi, linaishi kwa kichwa cha habari. Mhariri ni kijana, ananiita mzee.

"Mzee, nipe hiyo bastola."

"Haijapatikana."

"Basi nipe kutopatikana kwake."

Nikakata simu.

Jumatano, 8 Juni
Harufu ya dawa ya viatu kwenye ukumbi wa Mama Osmunda. Kali, kama kopo limefunguliwa sasa hivi. Wanawake waliokuja kumjulia hali waliondoka mapema.

"Unaisikia?" aliniuliza.

Naisikia, nikamwambia.

Kopo la dawa liko ndani ya chumba kilichofungwa. Nililiona Jumatatu. Lilikuwa limekauka, limepasuka kama tope la kiangazi.

Alhamisi, 9 Juni
Tunajua bastola iko wapi. Aliyetambua ni Mzee Kosmas, baba mkubwa wa Meja, ndiye aliyeongoza kuosha na kuzika. Kapteni alimwita ahojiwe. Kaja asubuhi kutoka Madaba kwenye lori la wafanyabiashara wa mahindi, wale waliochukua nafasi ya ushirika. Macho yake yana utando, anashikwa mkono.

Tulikuwa tunakunywa uji. Akaniuliza sandukuni mlikuta nini. Nikamtajia. Nilipofika kwenye kichwa cha mkuki aliweka kikombe chini.

"Rudia, mwandishi."

Nikarudia.

Maelezo yake, nilivyoyaelewa. Katika ukoo wao mwanamume aliyebeba silaha huzikwa na chuma cha babu yake, ubavu wa kushoto. Chuma hakifunuliwi mbele ya maiti. Wanawake hawakioni, ndiyo maana Mama Osmunda hakukijua. Siku ya mazishi mzee aliingiza mkono sandukuni, akapata kitambaa, uzi, uzito. Akakipeleka kama kilivyo. Lakini Meja alikuwa mtu wa utaratibu, na bastola yake aliiviringisha vilevile, kwa kitambaa kilekile.

"Nilishika chuma," alisema. "Kwa mtu asiyeona, mwanangu, chuma ni chuma."

Kapteni alifika saa nane. Mzee akamwambia yote, hakuficha. Kapteni akasema silaha ya serikali haikai ardhini, na ile ina risasi. Kaburi litafunguliwa.

Mama Osmunda alisimama. Sijawahi kumsikia akipaza sauti. "Mtu wangu hafukuliwi kama muhogo."

Ijumaa, 10 Juni
Kapteni ameleta karatasi ya ridhaa. Mjane akitia saini, kazi itafanyika kimyakimya, ndugu wachache na bwana afya. Akikataa, itakwenda mahakamani, na siku ya kufukua watakuja polisi na nusu ya Songea. Kapteni hakusema kwa ukali. Amechoka. Mama Osmunda alikataa bila kuitazama karatasi.

Habari ninayo. Sijaituma. Hakuna aliyeiona bastola kwa macho yake, na mimi siandiki kitu ambacho hakijaonekana. Sababu ni hiyo tu.

Jioni nilitazama dirishani. Buti zimeelekea mlangoni. Soli zina udongo mwekundu pembeni. Jumatatu zilikuwa safi, nilizishika mwenyewe. Udongo wa uani kwetu ni wa kijivu. Mwekundu uko kule mteremkoni alikozikwa.

Nikamwita mjumbe aone. Akatazama kwa muda, akasema ana mkutano. Hakukuwa na mkutano wowote.

Ninaogopa. Naandika ili nisijidanganye baadaye.

Jumamosi, 11 Juni
Mama Osmunda kaniita. Mzee Kosmas alikuwepo, amekaa mkekani, fimbo mapajani.

"Jirani, dirisha lako linatazamana na lake. Umeona nini? Usinipambie."

Nikamwambia kwa mpangilio. Ukuta, kitanda, mlango. Udongo. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza matangazo ya vifo redioni, akingoja jina analolijua.

Kisha akasema naye ana lake. Kila alfajiri, kabla kengele ya kanisa haijalia, anasikia bizimu ya mkanda ikifungwa. Mara moja tu. Haisikii ikifunguliwa.

"Unajua alivyokuwa," Mama Osmunda alimwambia mzee. "Akiwa zamu haketi, havui viatu, mpaka mwenzake afike ampokee. Hata mafua yangemkamata. Nilimcheka sana kwa hilo."

Mzee aliegemeza fimbo ukutani. Halafu akasema chuma cha babu humwambia mtu yamekwisha, pumzika. Cha serikali hakisemi hivyo.

"Tumemzika akiwa kazini, mama."

Harufu ya dawa ya viatu ilikuwa imejaa ukumbini, na sisi watatu tulijifanya tunasikiliza kuku nje.

Mwishowe Mama Osmunda akafunga kanga yake upya. "Aitwe Kapteni," akasema.

Jumapili, 12 Juni
Ametia saini baada ya misa. Alitoa sharti moja: Mzee Kosmas ashushwe kaburini na chuma cha babu, kikiwa kimefungwa, na akiweke ubavuni kabla bastola haijatolewa. Marehemu asiachwe mikono mitupu hata kidogo.

Kapteni alielezwa habari ya zamu, akakubali. Nilidhani atatabasamu, hakutabasamu. Akauliza Meja alizoea kutumia maneno gani kupokezana zamu. Mama Osmunda akamtajia. Kapteni akayarudia taratibu, kama mtu anayejifunza sala ya watu wengine. Akasema atayasema mwenyewe, pale pale, kwa sauti.

Ni mtu mwenye adabu. Nilikuwa nimemdhania vingine.

Leo hakuna harufu. Mama Osmunda kalala mchana, mara ya kwanza tangu msiba.

Kabla jua halijazama nilitazama dirishani. Buti bado zimeelekea mlangoni. Ya kushoto imetangulia kidogo, kama ya askari anayengoja kupokewa zamu aondoke.

Kaburi litafunguliwa Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi. Lakiri itavunjwa tukirudi.