Chaki kwenye Ukingo wa Tairi

Mjukuu wangu Zaina,

Hapa Gisimenti tu wazima. Bibi yako anamwonyesha kila jirani picha yako ukifunga injini ya pikipiki ya mashindano.

Umeuliza ununue kifaa kipi cha kurekodi data: kinachopima mambo arobaini, au cha mambo sita.

Nilipokuwa ripota kijana wa mbio za pikipiki, mwendeshaji mmoja alizidiwa kasi na wenzake kwenye mazoezi, akailaumu injini na kutaka ifunguliwe. Ilibaki saa moja tu mbio zianze.

"Kona niliilalia mpaka goti likagusa lami!" aliapa, nami nikaandika.

Fundi wake, Mzee Saidi, alikuwa amepaka chaki ukingo wa tairi kabla ya mazoezi. Ilikuwa bado nyeupe, lami haijaigusa.

"Bwana mkubwa, chaki hii ulikuwa unamtunzia nani?" Saidi alimuuliza.

Mwendeshaji alicheka, akaiacha injini, akashindana. Mimi nilifuta sentensi yangu.

Saidi alikuwa na swali kabla ya kushika chaki: je, huyu anailaza pikipiki kweli? Katika barua yako nimehesabu maswali matano kuhusu pikipiki yenu, yote ya maana. Nunua cha mambo sita; kitayajibu yote.

Miaka yote niliwauliza mafundi. Safari hii fundi ameniuliza mimi, na ni damu yangu.

Babu yako