Mpini wa Kitanda

Jumanne, 13 Mei

Kwa masikitiko makubwa natangaza kifo cha ndala yangu ya kushoto, kilichotokea ghafla asubuhi hii kwenye ngazi za hospitali. Mkanda ulikatika. Marehemu ameacha mjane mmoja, ndala ya kulia. Nimeingia wodini nikiburuza mguu. Mlinzi akadhani mgonjwa ni mimi.

Mgonjwa ni Hamisi, mume wangu. Jumapili aliteleza juu ya lori la kabichi kule Mgeta, akaangukia shingo. Uti wa mgongo umeumia. Mikono inashika kidogo. Miguu haina habari.

Kazi yangu ni uji, kufua shuka, kutazama mashine. Daktari nilimrudisha nyuma kwa maswali mpaka nikaelewa. Kwa jeraha la namna hii presha inaporomoka. Ikiporomoka, damu haifiki kwenye uti, na sehemu iliyobaki hai nayo inakufa. Kwa hiyo wiki hii kazi ni moja: presha ikae juu. Kuna dripu ya kuipandisha. Na alale chali, kitanda kimenyooka.

Mtaa wetu wote wa Mafiga umesikia neno presha tu. Jirani kaleta vitunguu swaumu vya kuishusha. Mwingine kaleta mchuzi usio na chumvi. Nimeula mwenyewe. Mbaya.

Alhamisi, 15 Mei

Nina hasira.

Baba mkubwa wa Hamisi kashuka kutoka Mgeta. Ndiye aliyemlea. Hamisi akataka kumwamkia pale pale alipolala, mzee akakataa.

"Mwanangu haniamkii chali kama maiti."

Akashika mpini wa kitanda, akazungusha. Kichwa kikaanza kupanda. Nikasema, "Baba, daktari amekataza."

"Mkwe, wewe shughulika na kapu lako."

Hamisi naye, eti, "Niinue, baba." Adabu itamuua huyu.

Uso ukawa majivu. Macho yakageuka. Mashine ikalia. Nesi akaja mbio, akakilaza kitanda, akaongeza dripu. Mzee kaona namba zilivyoteremka, anafurahi. "Si mlisema ana presha? Hiyo hapo imeshuka. Alhamdulillah." Mgonjwa wa kitanda cha pili akaitikia.

Nesi akanigeukia mimi. "Mama, waambie ndugu zako."

Nimwambieje baba mkwe? Yeye nesi ana sare. Mimi nina ndala moja.

Ijumaa, 16 Mei

Mzee atarudi kesho na wazee wenzake. Wote wa kuamkiwa. Hamisi hana damu ya kuwatosha.

Jumamosi, 17 Mei

Mpini wa kitanda unachomoka. Nimegundua nikipangusa vumbi. Sasa uko kwenye kapu langu, chini ya chupa ya chai. Sijaiba. Nimeuhifadhi. Nesi nilimwonyesha, akageuka kutazama dirisha.

Wazee wakafika. Baba mkubwa akapapasa chini ya kitanda, huku na huku.

"Hospitali gani hii? Hata mpini wameiba."

"Dunia imeharibika, baba," nikasema.

Akakosa namna. Akashika ukingo wa kitanda, akauteremsha mgongo wake taratibu, huku akiulalamikia, mpaka sikio likafika mdomoni kwa Hamisi. Shikamoo ikatoka, nyembamba.

"Marahaba, mwanangu."

Hakuinuka. Mabega yakaanza kutikisika. Nikatazama mashine. Namba haikushuka.

Bado nimemkasirikia. Asiniharibie hasira yangu kwa machozi. Wenzake wakapanga foleni, mmoja mmoja, kuinama. Hakuna aliyevunjika.

Jumatano, 21 Mei

Dripu ya presha imetolewa jana. Presha inasimama yenyewe. Daktari ameridhika, kanisifu mbele ya nesi. Mpini nimeurudisha mahali pake.

Hamisi kaona ndala yangu nilivyoifunga kamba. Kacheka, mara ya kwanza tangu aanguke. "Vaa za kwangu. Nikianza kutembea utanirudishia." Nimezivaa. Zinanipwaya.

Mchana daktari amekuja na pini kumchoma miguuni, aone kama anahisi. Amefunua shuka, ameinama. Hamisi anatazama dari. Baada ya muda akamuuliza daktari anaanza saa ngapi.

Alikuwa ameshamaliza.