Nimemzika Bibi wa Watu na Bado Yuko Hai

Mpendwa Mshauri, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwa sababu ikishapita hiyo sitahitaji ushauri tena, nitahitaji kuhama.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, mwanafunzi, mwoga wa watu tangu utotoni, yaani mgeni akipiga hodi mimi hukumbuka ghafla kwamba kuna nguo za kuanua hata siku ambayo hatujafua, na shuleni ndiyo balaa zaidi kwa sababu tunafundishwa kwa lugha nyingine, si hii ya nyumbani, na ile naiandika vizuri sana lakini nikitaka kuisema inanikwama kooni kama mwiba wa samaki, basi kila muhula ripoti yangu inakuja imeandikwa "anajitahidi, ila azungumze." Nakuandikia kwa hii ya nyumbani kwa sababu kwa ile ya shule nimeshazoea kudanganya.

Mwaka huu tumeletewa somo jipya, sanaa ya sauti. Huimbi wala hupigi gitaa, unarekodi vitu, mlango, sufuria, watu wakipanda ngazi, halafu unavikata na kuvipanga kwenye kompyuta mpaka anayesikiliza aone kitu bila kuonyeshwa. Baba aliposikia aliuliza kama mtihani wake ni kelele, nikasema ni kama hivyo baba, akasema basi nyumba hii ina maprofesa watano.

Sheria ya mwalimu ni kwamba kabla hujampelekea yeye kazi yako, unampa mwenzako rasimu aisikilize kwa hedifoni, zile za kufunika masikio, akuandikie uhakiki wa kurasa mbili. Hapo ndipo na mimi nikapata pa kung'aa, maana uhakiki unaandikwa, hausemwi.

Sasa Mshauri, hapa ndipo penye aibu. Mama yangu anaita mara moja tu. Mara ya pili haiti, anakuja. Kwa hiyo tangu ninunuliwe hedifoni nimekuwa nikiivaa kwenye sikio la kushoto peke yake, upande wa kulia nausogeza nyuma kwenye mfupa, sikio la kulia linabaki wazi kwa ajili ya mama, akiita niwe nimeshasema "abee" kabla hajamaliza jina. Nimezoea hivyo mpaka sikuona kama ni jambo. Sikujua kwamba wenzangu wanaweka sauti nyingine kushoto na nyingine kulia, na kwamba nusu ya kazi zao ilikuwa inaongea na mfupa wangu.

Kuna kijana mrefu wa dawati la mbele, tunamwita Goli. Alirekodi mpira ukidundwa kutoka sikio hili kwenda lile, mimi nikasikia mpira unadunda, unapotea, unarudi, unapotea, nikamwandikia kwamba hii ni kazi inayohusu mtu anayeondoka nyumbani na kurudi bila maelezo. Goli alisoma, na baada ya siku mbili akaja kuniuliza taratibu nimejuaje habari za baba yake. Mwingine aliweka mvua kulia na kijiko kinachokoroga chai kushoto, nikamwandikia kurasa mbili za kijiko. Mwalimu akaliambia darasa zima kwamba nina masikio ambayo hajawahi kukutana nayo katika miaka yake yote ya kazi, na mimi nikatazama chini kwa unyenyekevu, Mungu anisamehe.

Ndipo ikaja zamu ya rafiki yangu wa dawati moja, tunayemwita Sindano kwa sababu kwao ni mafundi cherehani, mama yake na bibi yake, na cherehani zao ziko chumba cha mbele, ya mama ukuta wa kushoto na ya bibi ukuta wa kulia, na Sindano hufanyia kazi za shule kwenye meza iliyo katikati huku wale wawili wakibishana juu ya kichwa chake kutwa nzima. Akawarekodi. Akamweka mama kushoto na bibi kulia, ili ukisikiliza uwe umekaa kwenye kiti chake. Mimi nilisikia cherehani moja, halafu mwanamke anasema, "Haujapinda." Kimya. "Nimesema haujapinda." Kimya kirefu. "Haya basi, nafumua." Halafu anacheka, peke yake, kicheko kirefu kinachoishia kwenye pumzi.

Mshauri, nikachukua kalamu. Niliandika kwamba huyu ni mwanamke anayeongea na mama yake aliyekufa, ambaye hata kaburini hajaacha kumkosoa mishono, na kwamba kile kicheko ni kilio kilichokosa njia. Niliandika huku nalia machozi ya kweli.

Sindano aliposoma hakunicheka wala hakuniuliza, na hapo ndipo palipoharibika. Aliniambia yeye alidhani ametengeneza kichekesho tu, kumbe mimi nimeona siku ambayo kile kiti cha kulia kitakuwa kitupu, akaenda nyumbani akafuta upande wote wa kulia, bibi mzima, akampelekea mwalimu kazi iliyobaki. Mwalimu alisikiliza, akavua miwani, akaifuta na ilikuwa safi. Akatangaza kwamba kazi hiyo ndiyo itakayofungua maonyesho ya ile Jumamosi mbele ya wazazi, na mhakiki atapanda jukwaani asome kurasa zake mbili. Mhakiki ni mimi. Kwa mdomo huu huu.

Juzi mama akasafiri kwenda kumwona dada yake aliyelazwa, siku mbili nyumba haina wa kuniita, nikavaa hedifoni kama watu wengine ili nijizoeze kusoma huku nasikiliza ile rasimu ya kwanza ambayo bado nilikuwa nayo kwenye simu. Nikabonyeza. Sauti ya kizee ikasema sikioni, "Mkono wa kushoto umepinda." Niligeuka nyuma kutazama nani ameingia.

Ikaendelea. Mama yake Sindano anasema haujapinda, bibi anasema umepinda, mama anasema nimesema haujapinda, bibi anasema, "Mimi nilikuzaa kwa uchungu wa siku mbili, unadhani nitashindwa kuona sentimita mbili?" Mama anasema haya basi, nafumua. Na bibi anasema, "Acha, usifumue. Nimekumbuka, aliyepinda ni mteja mwenyewe."

Ndiyo maana alikuwa anacheka.

Nilikaa chini sakafuni. Kesho yake nikaenda kwa akina Sindano nikijifanya narudisha kitabu, nia yangu nikaseme ukweli, nikamkuta bibi anajishonea gauni la siku ya maonyesho. Nikamwamkia, akaitikia, akanishika mkono akaniuliza, "Mjukuu wangu, hebu niambie wewe msomi, nasikika vizuri humo? Siku ile nilikuwa na mafua." Nikasema unasikika, bibi. Kwa hiyo sasa nimedanganya kwa lugha zote mbili.

Nje Sindano akaninong'oneza kwamba hajui atamwambia nini bibi yake, ila ni sanaa, ataelewa, na hata akitaka kurudi nyuma hawezi, rasimu aliifuta simu ilipojaa. Akasema mimi ndiye niliyemfanya aielewe kazi yake mwenyewe. Maana yake, Mshauri, bibi wa watu sasa yumo kwenye simu yangu peke yake.

Nikisema, Sindano atanichukia, huenda na nafasi ya kufungua maonyesho akaipoteza, Goli atajua, mwalimu atajua, na mimi nitarudi kuwa yule wa "ila azungumze." Nisiposema, bibi atakaa safu ya mbele na gauni jipya akijisubiri, na mimi nitasimama mbele yake nimsomee kwamba amekufa. Je, nikiugua siku hiyo itakuwa vibaya? Nimeanza kujizoeza kukohoa.

Ni mimi,
Mhakiki wa Upande Mmoja

---

Mwanangu Mhakiki,

Kwanza acha hicho kikohozi. Nimelea wanne, kikohozi cha mazoezi nakitambua hata kikiletwa kwa barua.

Nimecheka, sitakuficha, mpaka mwenzangu wa meza ya pili akauliza kama leo kuna aliyeandika amepata mchumba mwema. Lakini nilipofika pale bibi anapouliza kama anasikika, kicheko kiliniisha, na wewe pia nadhani kilikuisha, ndiyo maana umeandika. Hilo nakupa sifa. Mtu asiye na haya asingeona tatizo, angekwenda zake jukwaani.

Sasa sikiliza, na ukae sawa. Kusikia nusu si dhambi. Mume wangu ananisikiliza hivyo huu mwaka wa ishirini na mbili na chakula anapata. Tofauti yenu ni kwamba yeye hajawahi kuniandikia kurasa mbili kunieleza nilikuwa namaanisha nini. Wewe ulisikia mwanamke anajibu maneno ambayo hayakusemwa, na badala ya kumgeukia rafiki yako aliye umbali wa kiwiko ukamuuliza, "Mama yako anaongea na nani?", ukaona ni rahisi zaidi kuua mtu. Swali la maneno matano, mwanangu. Ulilikwepa kwa sababu lilihitaji mdomo.

Na hofu yako ya kurudi kuwa mtoto wa "ila azungumze" inanishangaza. Ni lini ulitoka huko?

Sindano naye ana lake. Bibi yake anapumua hatua tatu kutoka kwenye daftari lake, naye akayaamini maneno makubwa ya mwenzake kuliko kiti alichokikalia. Lakini yeye hakuniandikia. Akiandika nitamsema.

Haya, kazi. Leo hii, kabla hujageuza ukurasa huu, nakili hiyo rekodi mahali pengine pawili. Simu huanguka chooni bila kuuliza kuna bibi wa nani ndani. Kisha nenda kwa Sindano. Usimtumie ujumbe, usimtume mdogo wako, nenda na miguu yako na hedifoni zako. Mvalishe masikio yote mawili, bonyeza, na wewe usitie neno mpaka mama yake acheke. Hapo mweleze habari ya mama yako na ule mfupa, bila kupamba. Akikasirika, mwache akasirike, ana haki, na usianze kulia ukamfanya yeye ndiye wa kukubembeleza.

Baada ya hapo nyamaza, kwa mara hii ruhusa unayo. Kazi ni yake. Akitaka bibi arudi, atarudi. Akitaka zisikike zote mbili, ya kiti kilichojaa na ya kiti kitupu, hilo ni lake na mwalimu wake, na mimi binafsi ningekwenda kusikiliza. Anachokatazwa ni kimoja tu: bibi asijue habari zake akiwa ameshakaa safu ya mbele. Aambiwe nyumbani, mapema, na nyote wawili. Wala msimwogope hivyo. Mtu aliyempinda mteja mzima ili kuokoa mkono wa gauni hawezi kuuawa na uhakiki wa mwanafunzi.

Kwa mwalimu utakwenda mwenyewe. Lugha ya shule ikikukwama, mwambie kwa ya nyumbani, hakuna aliyewahi kufukuzwa kwa kusema kweli kwa lugha isiyo ya mtihani. Mwambie zile kurasa mbili huzisomi, utaandika nyingine. Huenda akavua miwani tena. Mwache aifute.

Goli usimkimbie. Mwambie mpira wake uliusikia nusu na habari za baba yake ulizibahatisha. Halafu muulize kama anapenda kuzisema, na akianza, weka kalamu mbali. Kijana yule alikufuata mwenyewe kwa kuwa alidhani kuna mtu amemsikia. Msikie basi.

Na mama yako mwombe saa moja kwa siku usiyoitwa. Anayeita mara moja tu ni mtu wa maneno machache, kwa hiyo mpe machache: "Mama, nina kazi inayotaka masikio mawili." Nakuhakikishia atashangaa kwamba siku zote ulikuwa unamwachia moja.

Kwa akina Sindano uende mchana, cherehani zote mbili zikiwa kazini. Watakukaribisha kiti. Shukuru, usikae. Ukikaa utaletewa maji, ukinywa maji utaulizwa habari za nyumbani, na mwoga akishafika kwenye habari za nyumbani hakiri tena kitu. Sema ukiwa umesimama, ndipo ukae.